Mkimbizi na Mpigania Uhuru: Maneno Mawili katika Historia ya Upinzani wa Warundi Uhamishoni, Mpanda, 1972–2014

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupewa makazi katika Wilaya ya Mpanda walivyojenga upinzani dhidi ya serikali ya kijeshi ya nchi yao. Hoja kuu ni kwamba lugha ya siasa ya Tanzania ya wakati huo ilikuwa na majina mawili kwa mtu aliyefukuzwa kwao na utawala dhalimu: mpigania uhuru na mkimbizi. Warundi wa Katumba na Mishamo walipewa jina la pili pekee, nalo lilinuiwa kuwaweka nje ya siasa. Wao walilichukua jina hilo na kuligeuza kuwa msingi wa siasa. Makala yanaonesha kuwa mageuzi hayo yalihifadhi kumbukumbu ya waliouawa, lakini pia yalifinya idadi ya watu ambao kumbukumbu hiyo iliweza kuwahesabu kuwa wahanga.

Maneno ya msingi: mkimbizi, mpigania uhuru, simulizi, Mishamo, Palipehutu

1.0 Utangulizi

Mwaka 1980, katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ndani ya misitu ya miombo ya Wilaya ya Mpanda, kilianzishwa chama cha siasa cha Kirundi. Jina lake, Palipehutu, ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya chama cha ukombozi wa watu wa Kihutu. Mwanzilishi wake, Rémy Gahutu, alikuwa mkimbizi, na waliomzunguka walikuwa wakulima waliovuka mpaka miaka minane kabla. Wakati huo mahali hapo palikuwa katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012.

Tukio hilo lina kitendawili. Tanzania iliwapeleka Warundi Mpanda ili wawe mbali na mpaka na mbali na siasa. Hata hivyo, ni huko mbali ambako siasa ilishika mizizi, ilhali katika mji wa Kigoma, ulio karibu zaidi na Burundi, Warundi wengi walijichanganya na wenyeji na kunyamaza. Wanahistoria wamelieleza jambo hilo kwa kutazama sera, ardhi na mpangilio wa makazi. Makala haya yanaongeza kipengele cha lugha: majina waliyopewa watu hawa, simulizi walizozijenga juu ya majina hayo, na gharama ya kujenga siasa kwa njia hiyo.

2.0 Kutoka Ikiza hadi Makazi

Tarehe 29 Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, hasa katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi wengi katika maeneo hayo. Serikali ya Michel Micombero, iliyokuwa mikononi mwa maofisa wa Kitutsi kutoka kusini, ilijibu kwa mauaji ya miezi kadhaa yaliyovuka kwa mbali mipaka ya maasi yenyewe. Walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, wafanyabiashara, makasisi na askari wa Kihutu walikusanywa na kuuawa nchi nzima. Makadirio ya idadi ya waliokufa yako kati ya 100,000 na 300,000. Katika Kirundi, maafa hayo huitwa ikiza, neno linalotumika pia kwa tauni na majanga mengine yasiyo na mtendaji wa kibinadamu. Serikali nayo iliwaita wahanga wake abamenja, yaani wahaini. Jina la kwanza lilimficha muuaji; la pili lilimhukumu aliyeuawa.

Wengine waliitwa Mayi Mulele. Neno mayi ni maji katika Kiswahili cha Kongo, na Mulele ni Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kongo wa miaka ya 1960. Jina lilivuka Ziwa Tanganyika likiwa kilio cha wapiganaji walioamini kuwa risasi zitageuka maji, likafika Burundi kuwa tuhuma iliyotosha kumuua mtu. Kwa hiyo hata kabla ya kuvuka mpaka, watu hawa walikuwa wamekwisha kuonja uzito wa kupewa jina na mwenye mamlaka.

Zaidi ya watu 100,000 walikimbilia Tanzania. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya mpakani upande wa Tanzania, likaua wakimbizi na Watanzania. Hatari hiyo iliipa serikali ya Dar es Salaam sababu ya kuwahamishia wakimbizi bara. Ulyankulu ilifunguliwa Tabora, na Katumba karibu na mji wa Mpanda. Ulyankulu ilipolemewa na watu, ilifunguliwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, kaskazini-magharibi mwa Mpanda, kwenye njia ya kuelekea Uvinza. Mpanda haikuwa ngeni kwa kazi hiyo: nyanda za juu za Mwese zilikuwa zimepokea wakimbizi kutoka Rwanda tangu miaka ya 1960.

Mpangilio wa Mishamo ulifuata fikra za ujamaa. Vijiji vilipangwa kwenye barabara zilizonyooka, kila kaya ikapewa shamba, na lengo likawa kujitegemea. Lengo hilo lilitimia: mahindi, maharage, mihogo na tumbaku vilitoka kwa wingi, na mwaka 1985 makazi yalikabidhiwa rasmi kwa serikali baada ya mashirika ya misaada kumaliza kazi yao. Sambamba na jembe kulikuwa na udhibiti. Mkimbizi hakuweza kutoka nje ya makazi bila kibali, na mkuu wa makazi alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa ukarimu wa nchi yake kwa wakimbizi. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli, na kibali cha kutoka nacho kilikuwa cha kweli.

3.0 Maneno Mawili

Katika miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa mwenyeji wa watu wengine waliofukuzwa kwao. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea. Baadaye ANC ya Afrika Kusini ilipewa ardhi Mazimbu na Dakawa, Morogoro. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Watu hao pia walikuwa wamekimbia, na wengi wao walikuja na watoto wao. Lakini katika hotuba, redio na vitabu vya shule waliitwa wapigania uhuru.

Umbo la maneno haya mawili linafundisha. Kitenzi pigania kina mnyambuliko wa kutendea, na mnyambuliko huo hudai yambwa: mtu hapiganii tu, bali anapigania kitu. Kwa hiyo mpigania uhuru ni jina lenye shabaha ndani yake. Mkimbizi ni tofauti. Nomino hii imeundwa kwa kiambishi -i, kama mchukuzi kutoka chukua na mnunuzi kutoka nunua, ambapo konsonanti iliyodondoka katika kitenzi hujitokeza tena kama z. Kiswahili kina pia mkimbiaji, anayekimbia kwa miguu yake uwanjani na kisha akapumzika. Mkimbizi hapumziki, kukimbia kumekuwa hali yake. Na jina hilo halisemi anamkimbia nani, wala kwa nini, wala anakwenda wapi. Ni jina lisilo na yambwa.

Tofauti hiyo haikuwa ya kisarufi tu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi ulikataza, katika ibara yake ya tatu, shughuli za uasi za wakimbizi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Burundi ilikuwa mwanachama. Afrika Kusini ya makaburu na Ureno havikuwa. Aliyeikimbia serikali ya kikoloni au ya walowezi aliweza kuwa mpigania uhuru. Aliyeikimbia serikali huru ya Kiafrika hakuweza, hata kama serikali hiyo ilikuwa imewaua raia wake kwa makumi ya maelfu. Hapakuwa na neno la heshima kwa siasa yake. Watoto wa Katumba na Mishamo, waliosoma shule za msingi kwa Kiswahili na kwa mtaala wa Tanzania, walijifunza darasani kuwa ukombozi wa mwanadamu ni wajibu, kisha wakarudi nyumbani kuambiwa kwamba ukombozi wao wenyewe ni kosa la jinai.

4.0 Simulizi kama Siasa

Siasa iliyokosa neno ilihamia katika simulizi. Ushahidi mkuu wa jambo hili ni kazi ya mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma kwa mwaka mmoja katika 1985 na 1986, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995. Malkki alikuta kuwa wakazi wa Mishamo walikuwa wakisimulia historia ya Burundi daima, na kwamba watu mbalimbali walisimulia vipande vilevile kwa mpangilio na maneno yanayokaribiana sana. Aliziona simulizi hizo kuwa historia na kisasili kwa pamoja: hazikurekodi tu yaliyopita, bali zilipanga ulimwengu katika wema na uovu.

Vipande vikuu vyaweza kutajwa kwa ufupi. Mwanzo ni Burundi ya asili, nchi ya Watwa na Wahutu. Kisha Watutsi wanafika kutoka kaskazini na kuitwaa nchi kwa hila. Linafuata kumbukizi la ukoloni, halafu uhuru ulioibwa, halafu 1972, inayosimuliwa kwa undani wa kutisha: namna watu walivyokamatwa na namna walivyouawa. Kisha kuvuka mpaka, msitu, kazi ngumu na vibali. Mwisho ni marejeo, ambayo hayajatokea lakini ndiyo yanayovipa vipande vingine vyote maana.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, muundo huu si mgeni. Una safari, una majaribu, una ahadi, na una mwangwi wa kisa cha Waisraeli jangwani, ambacho waumini wa makanisa ya makazi walikifahamu vizuri. Ndani ya muundo huo jina mkimbizi lilipata lile lililokosekana: yambwa. Mkimbizi sasa alikuwa mtu aliyemkimbia muuaji anayejulikana, anayetahiniwa kwa muda, na atakayerejea. Kirundi kilisaidia. Neno lake la mkimbizi ni impunzi, kutoka guhunga, kukimbia. Lakini Kirundi kina pia guhunguka, umbo la kutendua la kitenzi hichohicho: kutengua ule ukimbizi, yaani kurejea kutoka uhamishoni. Kiswahili hutendua funga kwa fungua, lakini hakina namna ya kutendua kimbia. Hulazimika kuazima neno jingine, rejea au rudi. Aliyewaza kwa Kirundi aliweza kusikia safari ya kurudi ndani ya neno lenyewe la kukimbia.

Ndiyo maana, kama Malkki alivyoonesha, watu wa Mishamo hawakuliona jina la mkimbizi kuwa aibu. Kuliacha kungekuwa kukubali kwamba dai la nchi limekufa. Walilalamika kuwa wanatumikishwa na kutozwa, wakamwogopa mkuu wa makazi, lakini jina walilishika. Kutengwa kulikokusudiwa kuwatuliza ndiko kulikowapa hadhira ya kudumu: kijiji baada ya kijiji cha watu wenye jeraha moja, wasio na mwingine wa kuwasikiliza.

Kigoma mjini hali ilikuwa kinyume. Huko Warundi waliishi miongoni mwa Waha, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi, na miongoni mwa wafanyabiashara na wavuvi wa mataifa ya ziwani. Walioa na kuolewa, wakabadili majina au dini, wakazungumza Kiswahili cha mjini. Kwao jina mkimbizi lilikuwa hatari ya kupelekwa makazini. Watu wa Mishamo waliwatazama kwa mashaka, kana kwamba wamepotea. Wale wa mjini nao waliuona usafi wa Mishamo kuwa mzigo. Tofauti hii inathibitisha kuwa upinzani wa Mishamo haukutokana na kumbukumbu ya 1972 peke yake, kwa kuwa wa Kigoma nao waliikumbuka. Ulitokana na kumbukumbu iliyopewa mahali, jina na masimulizi ya pamoja.

5.0 Chama na Gharama ya Jina

Palipehutu ilizaliwa katika udongo huo. Ilichukua simulizi iliyokwisha kukomaa na kuipa katiba, wanachama na, baadaye, bunduki. Haikuweza kufanya kazi waziwazi nchini Tanzania. Gahutu alikamatwa na kufariki mwaka 1990 akiwa kizuizini nchini humo. Uongozi ulishikwa na Étienne Karatasi, kisha chama kikagawanyika. Tawi lake la kijeshi, FNL, likaenda njia yake na kupigana hadi karne hii.

Wakati huohuo upinzani mwingine wa Warundi walioishi uhamishoni ulichukua mkondo tofauti. Melchior Ndadaye, aliyekimbilia Rwanda, alirudi Burundi katika miaka ya 1980, akaongoza chama cha Frodebu kilichowakubali Wahutu na Watutsi, na akashinda uchaguzi wa Juni 1993. Aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Kifo chake kilionekana na wengi makazini kuwa ushahidi wa mwisho kwamba simulizi ya Mishamo ilikuwa sahihi, na vita vilivyofuata viliwaleta Tanzania wakimbizi wapya kwa mamia ya maelfu.

Hapa ndipo inapolazimu kupima kilichopotea. Simulizi ya Mishamo iliwahifadhi waliouawa dhidi ya serikali iliyokataza hata kuwaombolezea hadharani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mpaka kati ya mhanga na muuaji ulichorwa juu ya kabila, na kwa kalamu ambayo kwa sehemu ilikuwa ya wakoloni: dhana kwamba Watutsi ni wageni kutoka kaskazini ilikuzwa na wamishonari na maofisa wa Kijerumani na Kibelgiji kabla ya kuwa silaha mikononi mwa Warundi wenyewe, kama alivyoeleza kwa kirefu mwanahistoria Jean-Pierre Chrétien. Katika mpangilio huo Watutsi waliouawa Rumonge mwezi Aprili 1972 walipata nafasi ndogo mno. Vivyo hivyo jirani aliyemficha jirani.

Tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya watu 150, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, magharibi mwa Burundi. Walikuwa wamekimbia kutoka Kongo. FNL ilitangaza kuwa ndiyo iliyofanya shambulio hilo. Tawi la chama kilichozaliwa katika makazi ya wakimbizi lilikuwa limeua wakimbizi. Haitoshi kusema kwamba vita huharibu watu. Jina lililopata yambwa yake Mishamo lilikuwa limepata pia mipaka: mkimbizi alikuwa mmoja wetu, na asiye mmoja wetu hakuwa mkimbizi, hata akilala ndani ya hema.

6.0 Uraia na Kulivua Jina

Mazungumzo ya amani yalifanyika Arusha, chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere hadi kifo chake Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela. Tawi la Palipehutu lililoongozwa na Karatasi lilitia saini mkataba wa Agosti 2000. FNL haikushiriki, ikaendelea kupigana. Ilipokubali kuingia katika siasa ya kiraia mwaka 2009, ilibidi iliondoe neno Palipehutu katika jina lake, kwa kuwa katiba mpya ya Burundi haikuruhusu chama kujitambulisha kwa kabila. Neno lililoundwa Mishamo likafutwa rasmi.

Mishamo na Katumba kwenyewe, swali la jina lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walikubaliana kuwapa wakazi wa makazi ya zamani, takriban 218,000, hiari ya kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Takriban watu wanne katika kila watano waliomba uraia. Waliorudi, wengi wao walikuta mashamba ya kando ya ziwa yana wenyeji wengine. Waliobaki walitangaziwa mwaka 2010 kuwa maombi ya watu wapatao 162,000 yamekubaliwa, lakini vyeti vilicheleweshwa, kwa kuwa uraia ulifungwa na sharti la kuyahama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hawajashika cheti cha Tanzania. Mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti, na sharti la kuhama likaachwa.

Yaweza kusemwa kwamba uchaguzi wa 2007 ulikuwa usaliti wa simulizi ya marejeo. Usomaji huo ni wa haraka mno. Wengi wa waliochagua walizaliwa Mpanda. Marejeo yaliyosimuliwa na wazazi wao yalikuwa kwenda mahali ambapo wao hawakuwahi kufika. Isitoshe, jina jipya walilopewa, raia wapya, lilibeba kovu la lile la zamani. Raia hana upya katika sheria, lakini neno wapya liliendelea kuwatenga kwa upole, kama kibali cha kutoka kilivyowahi kuwatenga kwa ukali.

7.0 Hitimisho

Historia ya Mishamo na Katumba inaonesha kuwa utengano kati ya mkimbizi na mpigania uhuru haukuwa utengano wa aina mbili za watu. Ulikuwa uamuzi wa dola kuhusu siasa ipi itambuliwe, ukahifadhiwa katika maneno ambayo leo yanaonekana ya kawaida. Warundi wa Mpanda waliunyima uamuzi huo utulivu wake kwa kulijaza jina lao historia. Walichokijenga kilikuwa na ukweli mzito ndani yake na upofu mzito pia, na vyote viwili vilitoka katika chanzo kimoja: hitaji la kuwa na jina linalosema nani alikutenda.

Utafiti wa Kiswahili umezishughulikia kwa bidii lahaja na tenzi za pwani, na sasa lugha ya mitaa ya Dar es Salaam. Lugha ya makazi, ambamo kizazi kizima kilijifunza Kiswahili kupitia vibali, vitabu vya shule na simulizi za usiku za wazazi waliowaza kwa Kirundi, bado haijapewa nafasi inayostahili. Wasimulizi wa kizazi cha 1972 wanapungua kila mwaka. Wajukuu wao Katavi wanalijua neno mkimbizi kwa Kiswahili. Si wote wanaolijua guhunguka.